Kutengeneza Nyumba ya Zamani Chumba kwa Chumba

Wewe unayesoma somo hili, labda unakaa katika nyumba iliyojengwa na baba yako, au na baba wa mume wako, zamani kabla ninyi hamjaoana. Kuta zake ni za matofali mabichi, au za miti na udongo. Manjanja yake yamekuwa mekundu kwa kutu. Mvua ikinyesha usiku, mama anaamka kusogeza vitanda na kutega sufuria. Kila mwaka mnasema, "Tutavunja nyumba hii na kujenga nyingine." Lakini watoto wanakwenda shule, falanga zinakwisha mkononi, mwaka unapita, na nyumba inabaki vile vile.

Somo hili si la mtu mwenye falanga nyingi. Yeye ataita mafundi, nao watamaliza kazi kwa miezi mitatu. Somo hili ni la mtu anayeweza kununua mfuko mmoja wa simenti mwezi huu, na mwezi ujao asiweze kununua kitu. Mtu huyo naye anaweza kuwa na nyumba njema. Lakini imempasa kujua ni kazi gani inayotangulia na ni kazi gani inayofuata, kwa maana falanga chache zikiwekwa mahali pasipofaa, mvua ya kwanza itazichukua.

Labda utauliza, "Mambo ya nyumba yanawahusu nini watu wa hospitali?" Yanatuhusu sana. Mtoto analetwa kwetu akikohoa na kuvuta pumzi kwa shida. Anapewa dawa, anapona, anarudi nyumbani kulala katika chumba kile kile chenye moshi na maji ukutani. Baada ya majuma machache analetwa tena. Dawa ilifanya kazi yake, na chumba nacho kikafanya kazi yake.

Basi, neno la kwanza: usianze na upande unaoelekea barabara. Watu wengi wanapopata falanga kidogo wananunua rangi ya ukuta wa mbele, au mlango wa chuma wenye maua. Wageni wanausifu. Lakini nyuma ya nyumba maji yanakula msingi, na mlango ule mzuri utasimama katika ukuta unaoanguka.

Maji kwanza

Siku ya mvua kubwa, usikae ndani. Jifunike, toka nje, zunguka nyumba yako yote. Angalia maji ya paa yanaanguka wapi. Angalia kama yanakwenda mbali au yanasimama karibu na ukuta. Angalia chini ya ukuta, urefu wa goti, pale ambapo matone yanaruka kutoka chini na kuchafua ukuta. Ukuta wa udongo unaanza kufa miguuni. Udongo wake ukiwa mkavu unaweza kusimama miaka mingi kuliko mtu aliyeujenga. Ukilowa kila mvua, unalainika, unamomonyoka, na juu yake ufa unatokea. Watu wanauona ule ufa na kuuziba. Lakini ufa haukuanza pale juu.

Dawa yake haihitaji falanga, inahitaji jembe. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, pale maji ya paa yanapoanguka, wenye mteremko wa kuyapeleka mbali, kwenye migomba au bustani. Kati ya mfereji na ukuta, shindilia udongo ili ardhi iinamie nje. Kama kuna kichuguu cha taka au udongo uliorundikwa ukutani, uondoe. Kazi hii vijana wa nyumba wanaweza kuimaliza kwa siku mbili au tatu.

Kisha tengeneza miguu ya ukuta. Mahali palipolika, usipake udongo juu ya udongo uliooza. Kata mpaka ufike kwenye tofali gumu, kisha jaza kwa mawe na udongo mzuri, au mawe na simenti kama unayo. Fanya kipande kifupi, chini ya meta moja, ukiache kikauke, ndipo ufanye kipande kingine mbali kidogo. Usifungue upande mzima mara moja, usije ukuta ukakushukia. Kama ukuta umeinama au umevimba katikati, hiyo si kazi ya kujaribu. Watoto walale chumba kingine, na fundi aitwe.

Sasa tazama juu. Mara nyingi manjanja hayajaharibika yote. Panapovuja ni kwenye matundu ya misumari, hasa kama aliyepigilia alipiga msumari katika bonde la janja, pale maji yanapopita. Msumari upigwe juu ya mgongo wa janja, na mpira chini ya kichwa chake. Janja moja lilalie jingine mgongo mmoja na nusu upande, na sentimeta 15 hata 20 mwisho wake. Ukibadili manjanja matatu mabovu na kupigilia upya yaliyobaki, unaweza kulala pakavu miaka mingine. Na ukipata mbao, ongeza urefu wa paa nje ya kuta. Paa fupi ni kofia isiyofunika masikio.

Hapa niseme neno kwa wale wanaokaa katika nyumba za zamani za kampuni au za serikali ya Wabelgiji. Nyingine zilifunikwa kwa bamba za rangi ya majivu, ngumu kama simenti, ambazo si chuma. Bamba za namna hii za wakati ule kwa kawaida zilikuwa na asbesto. Zikikaa zima hazina neno kubwa. Lakini zikikatwa kwa msumeno, zikivunjwa au kusuguliwa, zinatoa vumbi dogo lisiloonekana, nalo likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mbaya na kansa baada ya miaka mingi. Usizikate. Watoto wasichezee vipande vyake. Kama imekupasa kuziondoa, zilowanishe maji, zifungue nzima nzima, uzizike mbali, na mtu yeyote asizitumie tena. Rangi ya zamani katika nyumba hizo nayo inaweza kuwa na risasi, ambayo inaharibu akili za watoto wadogo. Usiikwangue ikiwa kavu.

Moto utoke katika chumba cha kulala

Baada ya maji, sisi tungependa uhamishe moto. Wengine watashangaa, kwa maana wanatazamia tuseme habari za madirisha. Lakini ngoja. Nyumba ya zamani ina nyufa na nafasi chini ya paa, na moshi unapita pale. Ukiziba nyufa zile kabla ya kutoa moto, umeufungia moshi ndani pamoja na watoto wako.

Moshi wa kuni unadhuru mapafu. Mtoto anayebebwa mgongoni mama anapopika anaupokea kila siku, na watoto wa namna hii wanaugua homa ya mapafu kuliko wengine. Mama mzee anayekohoa kila asubuhi, ambaye hajavuta tumbako hata siku moja, mara nyingi ameupata ugonjwa wake jikoni. Basi jenga jiko nje, hata kama ni nguzo nne na manjanja mabovu uliyoyashusha kutoka nyumba kubwa. Hivyo yale mabaya hayapotei bure. Weka ukuta upande wa upepo tu, na pande nyingine uache wazi juu. Kausha kuni kabla ya kuzitumia. Kuni mbichi zina moshi mwingi.

Tena sikia neno hili vizuri, hasa ninyi wa milimani kwenye baridi. Watu wengine wanaingiza babula ya makaa chumbani usiku ili wapate joto. Makaa hayana moshi, kwa hiyo wanafikiri hayana hatari. Makaa yanatoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kizito, anataka usingizi, analala, na hakuna anayemwamsha tena. Katika nyumba yenye nyufa nyingi hewa ile ilikuwa inatoka kidogo. Katika nyumba yako mpya iliyozibwa vizuri, itabaki. Kadiri nyumba inavyokuwa njema, ndivyo babula inavyozidi kuwa hatari ndani yake. Kwa baridi, nunua blanketi.

Sakafu, na chumba cha kuanzia

Ikiwa una vyumba vitatu na nguvu ya chumba kimoja, anza na chumba wanapolala watoto wadogo. Baba atasema sebule iwe ya kwanza kwa sababu ya wageni. Lakini mgeni anakaa saa moja juu ya kiti, na mtoto anatambaa juu ya sakafu kutwa.

Katika vumbi la sakafu anakaa funza. Mdudu huyu hakuwa wa nchi yetu; alifika Angola mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazil, naye akavuka Afrika yote miguuni mwa watu. Anapenda vumbi kavu. Pamoja naye kuna mayai ya minyoo na uchafu wa kuku na mbuzi wanaolala ndani. Nchini Mexico, tangu mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila iliwapa watu maskini sakafu za simenti badala ya udongo. Waliochunguza nyumba zile waliona ya kuwa watoto walipungukiwa na minyoo, na kuhara, na ugonjwa wa kukosa damu. Ni sakafu tu iliyobadilika.

Fanya hesabu kabla ya kwenda sokoni. Chumba cha meta 3 kwa meta 3, ukiweka tabaka la simenti na mchanga lenye unene wa sentimeta 3, kinahitaji mifuko 3 hivi ya kilo 50, ukichanganya ndoo 1 ya simenti na ndoo 3 za mchanga safi. Lakini chini yake iwepo kwanza changarawe au mawe yaliyoshindiliwa sana. Ukimwaga simenti juu ya vumbi laini, itapasuka, na funza watarudi kukaa katika nyufa. Baada ya kumwaga, ilowanishe maji kila siku kwa siku 7, na usiiache ikauke upesi kwa jua. Fundi mwenye haraka hapendi kuambiwa hivi. Mwambie hata hivyo.

Kama simenti haipatikani, usikate tamaa. Ondoa udongo wa juu wenye vumbi, jaza changarawe, kisha udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu kidogo tu. Shindilia mpaka mguu usiache alama. Ukikauka, ziba nyufa, sugua kwa jiwe laini. Majirani zetu wa Rwanda wako na mafundi wanaotengeneza sakafu kama hii na kuipaka mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu, hata inaweza kuoshwa kwa maji. Usipake mavi ya ng'ombe mahali mtoto anapotambaa, ijapokuwa bibi zetu walifanya hivyo. Na kuku, siku hiyo hiyo, wapate nyumba yao nje.

Kuta na wageni wa usiku

Katika nyufa za kuta na sakafu za zamani anakaa kimputu. Ni kupe laini, wa rangi ya udongo. Mchana hujificha; usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala, kisha kabla ya saa moja kupita hurudi ufani, na asubuhi hakuna anayejua. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa sababu hii, nyumba iliyoachwa tupu si nyumba safi: ukirudia nyumba ya marehemu baba yako baada ya muda mrefu, kimputu anaweza kuwa anakungojea.

Homa yake inashika siku chache, inaacha, mtu anafikiri amepona, kisha baada ya juma moja hivi inarudi, na kuacha, na kurudi. Kwa mwanamke mwenye mimba ni mbaya sana, kwa maana mimba inaweza kutoka. Ni hapa katika Congo ya mashariki ambako waganga wawili, Dutton na Todd, walionyesha ya kuwa kimputu ndiye anayeileta homa hii. Wote wawili waliipata wenyewe katika kazi yao, na Dutton alikufa nayo Kasongo mwezi wa pili mwaka 1905. Siku hizi mahali pengi kimputu amepungua, na dawa ya homa yake iko. Lakini homa yenye kurudi ikikupata, usinywe dawa ya malaria tu na kungoja. Njoo upimwe damu.

Namna ya kumfukuza ni kumnyima ufa. Ondoa vitanda ukutani. Kwangua udongo uliolegea, lowanisha ukuta kidogo, jaza nyufa, kisha paka tabaka la udongo wa mfinyanzi, mchanga, na majani makavu yaliyokatwa mafupi. Kwanza jaribu mchanganyiko wako katika mahali padogo, kama mikono miwili kwa upana. Ukipasuka ulipokauka, ongeza mchanga. Ukidondoka kama unga, ongeza udongo wa mfinyanzi.

Mafundi wengi watakuambia upake simenti juu ya ukuta wa udongo. Inapendeza macho miaka miwili. Lakini simenti ni ngumu na udongo ni laini; moja haiendi na mwendo wa mwingine. Maji yakiingia nyuma ya simenti hayapati njia ya kutoka, udongo unaoza kwa ndani, na siku moja kipande kizima kinaanguka kikiacha pango la panya. Kwa ukuta wa udongo, udongo wenyewe au chokaa ni bora, tena ni rahisi.

Chokaa kipakwe chembamba, mara tatu, juu ya ukuta uliolowanishwa. Kinaziba matundu madogo, na chumba kinakuwa cheupe hata mama anaona mdudu akitembea. Lakini kinaunguza. Anayepaka afunike mikono, na watoto wawe mbali. Kikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, na kisha umlete mtu huyo hospitalini.

Kwa ndugu wa Ituri, ambako tauni ingalipo: mnapobomoa ukuta wa zamani mnafukuza panya. Mkikuta panya waliokufa wenyewe ndani ya nyumba, msiwaguse kwa mikono, na msiendelee na kazi. Viroboto wao wanatafuta mwili mwingine wenye damu ya moto. Toeni habari katika kituo cha afya siku ile ile.

Kuziba na kufungua

Sasa moto umetoka nje, na kuta zimezibwa. Ndipo ufike wakati wa kuziba nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, kwa maana mbu wa malaria wanapenda kuingia pale. Kule Gambia waganga walijaribu jambo hili, nao walitangaza mwaka 2009 ya kuwa nyumba zilizowekewa wavu madirishani au dari yenye wavu ziliingiwa na mbu wachache, na watoto wa nyumba zile waliokosa damu walikuwa wachache kuliko wengine. Chandarua cha kitanda kisiondolewe hata hivyo.

Lakini unapoziba juu, fungua ukutani. Chumba cha giza chenye hewa isiyotembea ni rafiki wa kifua kikuu. Toboa dirisha, na kama inawezekana toboa jingine mbele yake katika ukuta wa pili, ili hewa ipite. Weka ubao imara juu ya tundu kabla ya kutoa matofali. Kioo kinaweza kungoja. Ubao wa kufunga na wavu vinatosha. Wengine wanaogopa wezi. Basi weka miti au vyuma, lakini usiliache dirisha lifungwe mchana.

Mambo ya falanga

Falanga zinazokaa nyumbani zina miguu. Mtu mwenye mpango anazigeuza kuwa vitu kidogo kidogo. Lakini ujue kitu gani kinaweza kungoja. Mchanga na mawe vinangoja miaka. Misumari inangoja ikiwa mikavu. Manjanja yanangoja yakiwekwa mahali pakavu, yakisimamishwa. Yakilazwa mahali penye maji, yanashikwa na kutu nyeupe kabla hujayapandisha. Simenti haingoji. Mfuko ukikaa miezi michache katika nyumba yenye unyevu unakuwa jiwe. Kwa hiyo nunua simenti mwisho, juma lile la kazi, vingine vyote vikiwa tayari.

Hapa likelemba inasaidia. Watu 10 wakitoa kiasi kimoja kila mwezi, kila mmoja anapokea fungu kubwa mara moja. Omba zamu yako iangukie mwezi wa sita au wa saba, wakati wa kiangazi, kwa sababu matofali mabichi na udongo wa kuta vinakauka wakati huo. Matofali yakae majuma matatu au manne, yakigeuzwa na kufunikwa jua kali la kwanza. Mawe na mchanga, waombe majirani kwa salongo, na wewe uende kwao siku yao. Mama apike chakula cha kutosha. Katika kazi ya namna hii sufuria ndiyo mshahara.

Kuna jambo moja ambalo watu wanaona haya kulisema, nalo limevunja nyumba nyingi kuliko mvua. Ikiwa nyumba ni ya marehemu baba, na ninyi ni ndugu watano, ni nani atakayetoa falanga, na ni nani atakayesema kesho, "Hii ni yangu"? Kaeni kikao kabla ya tofali la kwanza. Mama mzee awepo, naye asikilizwe. Sheria ya jamaa ya Congo ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Andikeni majina ya walio katika kikao, kazi itakayofanywa, na kila mmoja anatoa nini, hata kama mwingine anatoa mikono yake tu. Kila mtu atie sahihi au alama ya kidole. Karatasi hiyo na hati za vitu vilivyonunuliwa zikae pamoja katika sanduku moja, juu, mbali na panya na maji, na ufunguo ukae kwa mama mzee.